Ndege imefutwa, mama kalala sakafuni, nao wananirudishia nauli tu

Mjomba, shikamoo.

Nimezoea kusoma unavyowajibu wengine, leo zamu yangu. Naandika na hasira bado hazijapoa, kwa hiyo nikichanganya mambo utanivumilia.

Mdogo wangu wa kike anaishi Berlin na majuzi ameolewa. Mama alikuja kutoka Tanga akafikia kwangu hapa Leicester ili twende naye harusini. Viza yake ya Schengen tuliihangaikia mpaka tukaipata, lakini wakampa ya kuingia mara moja na siku za kubana: Jumanne awe ametoka. Nikakata tiketi mbili za kwenda, ndege ya bei chee, Ijumaa mchana, kutoka kiwanja kimoja cha nje ya London. Usiku wa hina ulikuwa Ijumaa hiyohiyo, ndoa ikafungwe Jumamosi baada ya alasiri.

Tulifika mapema. Ubao ukasema ndege imechelewa kidogo, kisha kidogo tena. Kila muda mpya ukikaribia wanausogeza mbele. Magharibi inaingia, simu ikalia: safari imefutwa. Meseji ilikuwa na vitufe viwili. Chukua nauli yako, au hamia ndege yetu ijayo, Jumatatu. Jumatatu, Mjomba! Harusi imeshakwisha na viza ya mama imebaki siku moja.

Nikaenda kaunta. Binti aliyevaa koti la njano akaniambia kila kitu kiko kwenye programu ya simu, yeye hana la kufanya. Kwenye programu kuna roboti la kujibu maswali. Nikaandika nataka kufika Berlin kesho, likajibu samahani sijaelewa, chagua moja kati ya haya. Nikachagua, likanirudisha pale pale. Simu ya huduma kwa wateja ikapiga muziki hadi ikakatika.

Mama ana sukari, na magoti yake ni mabovu. Tulikuwa tumeomba kiti cha magurudumu mapema, na kweli walituletea. Safari ilipofutwa wakamrudisha ukumbi wa mbele, wakamwomba ahamie kwenye benchi kwa kuwa kiti kinahitajika na mwingine. Benchi ya chuma, yenye mikono katikati ili mtu asilale. Hoteli za karibu zilikuwa zimejaa, zilizobaki bei yake sikuithubutu. Mama akatandika kanga sakafuni karibu na mkahawa uliokwisha kufungwa, akaweka kichwa kwenye mkoba uliokuwa na udi wa bi harusi. Kabla ya saa tisa usiku akaamka, akajifunga kanga yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hawa watu hawana hata chai?"

Tukapanda basi kwenda Heathrow, na kwa ndege ya asubuhi ya shirika jingine tukafika Berlin. Ndoa tuliiwahi. Hina hatukuiona. Tiketi mpya zilikuwa pauni 436 kwa wawili, basi pauni 58, chakula na maji ya usiku ule pauni 27. Risiti ninazo zote.

Nilipolalamika wamenirudishia nauli ya awali, pauni 76, na kunipa vocha ya pauni 40 "kama ishara ya nia njema". Hayo mengine wamekataa. Barua yao inasema safari ilifutwa kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi iliyoipata ndege hiyo mapema siku ile, na kwamba hayo ni mazingira ya kipekee yaliyo nje ya uwezo wao.

Mume wangu anataka niache. Anasema sisi hapa ni wageni, ombi letu la ukaazi wa kudumu liko mezani, tusije tukajulikana kwa kesi. Mdogo wangu naye ananiambia rahisi huvunja upishi, ningekata ndege ya maana yasingetokea. Mama amesharudi Tanga, kwake yamepita. Mjomba, nina haki yoyote hapa au ni mambo ya kuomba hisani? Na ya mama nitayadai vipi na yeye hayupo?

Mpwa wako mwenye hasira, Leicester

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Poleni, hasa mama.

Nitaanza na mumeo, kwa sababu yale mengine yote kwenye barua yako ni hesabu tu, lakini hofu yake ndiyo itakayokufanya ule hasara. Wala simcheki. Mtu ambaye karatasi zake ziko mezani kwa watu huogopa hata kuandikiwa faini ya maegesho. Ila hapa anaogopa kitu ambacho hakipo.

Sheria inayokuhusu ni Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya iliibakiza katika sheria zake, na sasa huitwa UK261. Isome mwanzo hadi mwisho: anayetajwa mle ni abiria. Kwa safari inayoanzia uwanja wa Uingereza haijali umepanda shirika la nchi gani wala una pasipoti ya rangi gani. Mama mwenye viza ya matembezi kutoka Tanga ana haki ileile ya bwana aliyezaliwa mtaa wa pili na kiwanja. Dai lako ni la mteja kwa kampuni aliyoilipa. Halipiti Wizara ya Mambo ya Ndani, si msaada wa serikali, si jinai. Hata likifika mahakamani, wewe ndiye mdai. Kinachoweza kumletea mwombaji wa ukaazi maswali ni madeni anayodaiwa yeye na hukumu alizokaidi kulipa, wala si hela alizowadai watu. Mwambie hivyo kwa upole, tena akiwa ameshakula.

Niliwahi kukaa kaunta ya kiwanja cha ndege huko nyumbani, miaka ya ujana, na jambo moja nililiona likijirudia. Safari ikifutwa, kuna abiria wanaouliza, "Hoteli yetu ni ipi?" Na kuna wanaouliza, "Samahani, je, kuna uwezekano wa kusaidiwa?" Wale wa kwanza walipata hoteli. Wa pili walipata pole. Sheria ilikuwa moja, na sisi wa kaunta tulikuwa walewale. Watu wetu wengi wamelelewa kwamba kudai ni utovu wa adabu, na mashirika yanafaidi sana malezi hayo.

Huyo binti wa koti la njano, hata hivyo, msamehe. Mara nyingi wafanyakazi hao hata hawajaajiriwa na shirika la ndege. Ni wa kampuni ya kuhudumia ndege ardhini, ambayo hulipwa kwa mkataba kupokea mabegi na kukagua pasi, na kwenye droo yake hamna hela ya kukulipia hoteli. Ukimfokea unapoteza pumzi. Cha kumwomba mtu kama yule ni kimoja: akuambie sababu ya kufutwa safari, ikibidi akuandikie. Kisha unapiga picha ubao. Baadaye hayo yana thamani kuliko ugomvi wote.

Sasa tuje kwenye haki zenyewe. Usiku ule shirika lilikuwa na deni kwako la mambo matatu, nalo linapenda sana kuyakoroga pamoja ili ukikataliwa moja udhani umekataliwa yote.

La kwanza ni matunzo: chakula na kinywaji kulingana na muda wa kusubiri, mahali pa kulala ikibidi kulala, usafiri wa kwenda na kurudi hapo mahali, na nafasi ya kupiga simu mbili. Hili halina "mazingira ya kipekee". Hata mbingu zikifungwa wanatakiwa wakutunze. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilipofunga anga la Ulaya, abiria mmoja alikwama Faro, Ureno, kwa takriban wiki nzima, akajilipia kila kitu, ikafika zaidi ya euro 1,100. Shirika lake la bei chee likagoma kwamba volkano si kosa lao. Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kweli si kosa lenu, lakini matunzo mnadaiwa, na wala hayana kikomo cha siku wala cha fedha, mradi gharama ziwe za lazima na za kiasi. Kwa hiyo zile pauni 27 za supu na maji ni zako bila mjadala. Ya hoteli hutapata, kwa sababu hamkulala hotelini na sakafu haitoi risiti. Kwa msomaji mwingine atakayekwama kesho: shirika likikunyima hoteli, tafuta ya kawaida, isiwe ya kifahari, lipa, tunza risiti. Pombe usiiweke kwenye hesabu, hawailipi.

La pili ni safari yenyewe. Hapa ndipo vile vitufe viwili vinaponikera. Sheria inakupa uchague kurudishiwa nauli au kufikishwa uendako mapema iwezekanavyo katika mazingira yanayolingana. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, CAA, inalisoma hilo kwa maana kwamba shirika lisipokuwa na nafasi ya karibu kwenye ndege zake, na shirika jingine linaweza kukufikisha mapema zaidi kwa kiasi kikubwa, basi likukatie tiketi kwa huyo mwingine kwa gharama yake. Hiki ndicho kitufe cha tatu, na ndicho ambacho programu ya simu haikuonyeshi. Usidhani ni nadharia. Mwaka 2023 CAA iliichukulia hatua Wizz Air, shirika jingine la bei chee, kwa kuwaacha abiria wajitafutie safari mbadala wenyewe, ikailazimisha kupitia upya madai iliyokwisha kuyakataa, na abiria wakalipwa zaidi ya pauni milioni 1. Shirika lako liwe lipi, msimamo wa mamlaka ni uleule.

Wewe ulitaka kufika kesho yake, wakakwambia Jumatatu, ukajitafutia. Hizo pauni 436 ni dai halali, na basi la Heathrow liingie humo humo kwa kuwa bila hilo basi ndege usingeipata. Ila kuna jambo la kusemwa kwa haki: huwezi kushika nauli iliyorudishwa na safari mbadala vyote viwili. Wamekupa 76, zitoe. Inabaki 360. Ukizitoa mwenyewe kwenye barua kabla hawajasema, wataona wanashughulika na mtu anayejua anachodai.

La tatu ni fidia, na hii haina uhusiano na risiti wala na bei ya tiketi. Ni malipo ya usumbufu, yamepangwa kwa umbali. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni pauni 220 kwa kila abiria. Hadi 3,500 ni pauni 350. Zaidi ya hapo ni 520. Kutoka London hadi Berlin hazifiki kilomita 1,000. Basi ni 220 zako na 220 za mama. Nauli yenu ilikuwa pauni 38 kila mmoja, na ndiyo, fidia inazidi nauli mara kadhaa. Mashirika ya bei chee yanalichukia hilo kweli kweli, lakini sheria ndivyo ilivyo. Hapo ndipo mdogo wako alipokosea na methali yake: aliyelipa pauni 38 na aliyelipa 380 fidia yao ni moja, na ndege za bei mbaya nazo zinafutwa. Kwa sasa usibishane naye. Ana siku chache tangu aolewe na dada yake hakuwepo kwenye hina yake, ni huzuni hiyo inayosema.

Fidia hii ndiyo pekee ambayo shirika linaweza kuikwepa kwa "mazingira ya kipekee", na ndiyo maana wameyaandika. Tuyatazame. Wanasema ndege ilipata hitilafu mapema siku ile. Naamini ni kweli. Ndege ya bei chee inaendeshwa kama daladala yenye hesabu ya tajiri: asubuhi inaondoka, inatua, abiria wanashuka huku wengine wamekwisha pangwa mstari, na baada ya dakika kama 25 inapaa tena. Ikitua jioni imeshapiga trip nne au hata sita. Ndiyo siri ya bei yenyewe, chuma hakikai chini. Lakini hakuna ndege ya akiba iliyoegeshwa ikisubiri. Asubuhi ikigoma Malaga, mchana mnasota ninyi wa Berlin, na ikichelewa sana marubani nao wanamaliza saa zao za kisheria, safari ya mwisho inafutwa. Huo ni uamuzi wa kibiashara. Faida yake wanaichukua wao, hasara yake haiwezi kuwa ya mama yako.

Wala si maoni yangu tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya ndege ya Jet2 iliyochelewa saa 27 kutoka Malaga kwenda Manchester kwa sababu ya hitilafu ya nyaya kwenye mfumo wa mafuta. Shirika likasema hakuna aliyeweza kuijua mapema. Mahakama ikajibu kwamba vyombo kuharibika ni sehemu ya kawaida ya kazi ya kurusha ndege, iwe mlijua au hamkujua. Na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaenda mbali zaidi katika kesi ya rubani aliyeugua huko Milan: hata ugonjwa wa mfanyakazi si mazingira ya kipekee, kwa kuwa shirika kuwa na wafanyakazi wanaougua ni jambo la kila siku. Ndege kugonga ndege mnyama, sawa, wanasalimika. Mitambo ya kuongozea ndege ya taifa zima kuzimika kama Agosti 28, 2023, wanasalimika. Waya kukatika, hapana.

Kuna tovuti za kufuatilia ndege zinazoonyesha ndege fulani ilizunguka wapi siku fulani. Itafute ya Ijumaa ile, upige picha ratiba yake. Ukiweza kuonyesha kwamba ilikwama asubuhi kwenye safari yao wenyewe, umewafungia mlango ambao wameufungua kwa barua yao wenyewe.

Vocha usiiguse. Sheria inasema fidia ilipwe kwa fedha, kwa benki au hundi, na vocha ni mpaka abiria akubali kwa saini. Soma vizuri maandishi madogo ya hiyo "nia njema", mara nyingine chini yake kuna sentensi kwamba ukiitumia umekubali yameisha.

Basi andika upya, barua moja, Kiingereza chepesi, bila matusi wala historia ya harusi. Namba ya tiketi, namba ya safari, tarehe. Taja UK261 kwa jina. Sema mliomba kufikishwa mapema mkaambiwa Jumatatu, sema viza ya mama ilikuwa inaisha Jumanne. Hilo liweke wazi, linaonyesha Jumatatu haikuwa mbadala wa maana kwenu. Kisha hesabu: safari mbadala 360, basi 58, chakula 27, fidia 440. Jumla pauni 885. Risiti ziambatanishe zote, lakini nakala. Halisi zibaki kwako. Tuma kwa fomu yao ya madai kama wanayo, upige picha ukurasa kabla ya kubonyeza, maana fomu hizo zina tabia ya kumeza maneno.

Ya mama ni nyepesi kuliko unavyodhani. Kuwa kwake Tanga hakupunguzi kitu. Akuandikie mistari mitatu kwamba anakuruhusu umdaie na fedha zipokewe na akaunti yako, asaini, apigwe picha hiyo karatasi, akutumie kwa simu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wengi wanarudishiwa madai kwa sababu tiketi inasema Mwanahamisi na barua inasema Mwana Hamisi.

Wakikaa kimya wiki nane au wakikataa tena, angalia kama shirika limejiunga na chombo cha usuluhishi. CAA ina orodha kwenye tovuti yake, na kama halijajiunga unaipelekea CAA yenyewe. Wakikaidi bado, una mahakama ya madai madogo. Unawapa onyo la maandishi la siku 14, kisha unafungua dai mtandaoni. Wakili huhitaji. Ada ya kufungua dai kwa kiasi chako ni kama pauni 70, na ukishinda wanakurudishia. Kwa England na Wales muda wa kudai ni miaka 6, kwa hiyo mumeo akitaka msubiri hadi karatasi za ukaazi zitoke, subirini, ingawa sioni sababu. Mara nyingi shirika likipata nyaraka za mahakama hulipa kabla ya siku ya kusikilizwa. Kuna makampuni yatakayokuahidi kukudaia bila usumbufu, nayo hukata robo au zaidi ya fidia yako. Kwa kazi ya jioni moja sioni kwa nini uwagawie.

Kuhusu kiti cha magurudumu, hilo ni faili tofauti. Msaada kwa abiria wenye shida ya kutembea viwanja vya hapo unatolewa na kiwanja, bure, chini ya kanuni nyingine, namba 1107 ya mwaka 2006. Na UK261 nayo inasema abiria wa aina hiyo na anayefuatana naye wapewe kipaumbele, katika kusafirishwa na katika matunzo. Kumtoa mama mwenye sukari na magoti mabovu kwenye kiti na kumwacha kwenye benchi ya chuma usiku kucha ni jambo la kuandikiwa mkuu wa huduma wa kiwanja, nakala CAA. Sitakuahidi fedha hapo. Andika tu, kwa sababu malalamiko hayo yanahesabiwa, na viwanja hupimwa kila mwaka kwa jinsi vinavyohudumia watu wa namna yake.

Na kwa kuwa najua wengine mnasoma mkiwa Dar, Nairobi au Muscat mkiwaza wazazi wenu wanaokuja na kurudi: safari yoyote inayoanzia Uingereza au Umoja wa Ulaya inalindwa, shirika lolote. Mzazi akirudi London hadi Dar kupitia Doha au Dubai kwa tiketi moja, safari nzima inahesabika, na akifika amechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa la shirika ni pauni 520. Kuja huku ni tofauti. Akitoka Dar na KLM kwenda Amsterdam analindwa, au Nairobi na British Airways kwenda London, kwa kuwa mashirika hayo ni ya huku. Akija na shirika la Ghuba au la kwetu, sheria hii haimgusi. Hapo anategemea Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama, na huo unalipa hasara uliyoithibitisha kwa risiti, wala hauna kiwango cha fidia kilichopangwa.

Hina haimo kwenye sheria yoyote niliyoitaja. Hakuna fomu yenye kisanduku chake, na usijaribu kuiandikia bei kwenye barua, itakupunguzia uzito wa yale yanayolipika.

Barua ya kwanza waliyokutumia usiifute, ndiyo ushahidi wako mkubwa, wamekiri hitilafu kwa maandishi. Na hela zikiingia, zile 220 za mama ni za mama. Asikatwe ya tiketi wala ya basi. Mtumie zote Tanga.

Mjomba